Kochi Moja, Milango Minne

Wakubwa wa manispaa siwapendi na sifichi. Walichimba mtaro kwetu wakauacha wazi, gari la wagonjwa likashindwa kupita, nikabaki mgane.

Safari hii walitaka kuukata mtaa wetu wa mafundi. Wenye kelele wahamishiwe nje ya mji kwa kuwa wanaisumbua shule ya jirani, watulivu wabaki. Mimi hutengeneza makochi, najaza sponji na kushona vitambaa, kwa hiyo nilibakizwa. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, anachomelea fremu za chuma jirani yangu. Yeye aondoke. Alinitania kwamba nimehongwa. Nilicheka, ila lilinichoma, maana bila fremu zake ningekaa na vitambaa mapajani kama mgonjwa.

Wakaletwa wanafunzi wa chuo kikuu waisaidie manispaa kupanga uchumi wa mji. Nikawaona ni wakubwa wale wale, hawajaota vitambi tu. Binti mmoja wa miwani aliuliza kochi linatoka wapi. Nikamjibu kwa mkato, kwa shemeji. Jibu halikumtosha. Kesho yake alifuata kochi moja tangu likiwa vyuma: kwa shemeji, kwa seremala, kwa mpaka rangi, hadi kwangu, akisaidia kubeba, na akimkanyaga seremala vidole. Wenzake wakafuata vitanda na madirisha.

Siku ya mkutano na manispaa wanafunzi walibandika ramani ukutani, mistari ikipita mlango hadi mlango. Binti akamwambia ofisa mipango kwamba wenye kelele wakiondoka, watulivu nao watafunga kazi.

Ofisa akanigeukia, tabasamu tele. "Mzee, wewe si umebakizwa? Una shida gani?"

Ukumbi mzima ukanitazama. Shemeji akaangalia viatu vyake.

"Ninayo," nikasema. "Mkimhamisha huyu, niandikeni na mimi. Huo mtaa kaeni nyinyi, mshone."

Watu wakaangua kicheko. Seremala akasema naye aandikwe, mpaka rangi vilevile. Ofisa akaangalia ramani, akatuangalia sisi, akafungua daftari lake akaandika.

Baada ya wiki chache jibu likaja: mtaa unabaki mzima, na upande wa shule utajengwa ukuta wa kupunguza kelele, kama wanafunzi wa chuo walivyoshauri. Ofisa alipigwa picha mbele ya ramani kana kwamba kaichora yeye. Ndivyo walivyo.

Asubuhi iliyofuata shemeji aliwasha mashine mapema, akaamsha mtaa mzima. Nikatoka kumfokea, kama kawaida yetu.