Gololi Walizonyang'anywa

Loretta Haugen aliachiwa darasa la pili peke yake. Mwalimu mwenyewe, Bi Sundquist, alikuwa ameitwa ofisini kuonana na mzazi. Nje, theluji ilipeperushwa kutoka ziwani na kujibandika kwenye vioo.

Juu ya meza palikuwa na mtungi wa gololi. Darasa zima likifanya vizuri, gololi moja inaingia. Mtungi ukijaa, watoto wanakuja shuleni wamevaa nguo za kulalia na kukaangiwa pankeki. Ulikuwa karibu kujaa.

Loretta alikuwa akiwasomea hadithi, na Aili, kwenye kiti cha nyuma, alikuwa akiimba puani.

"Aili, mpenzi, nyamaza kidogo."

Aili alinyamaza. Mistari michache baadaye wimbo ukarudi.

"Redio imewaka tena," alisema Brooks, na darasa likaangua kicheko.

Loretta alidhani anachekwa yeye, mtu mzima mwenye mvi ambaye bado ni msaidizi na mwanafunzi wa masomo ya jioni. Alitia mkono mtungini, akachota gololi konzi nzima, akazitupa kwenye droo.

"Haya. Mshukuruni Aili."

Papo hapo alitamani kuyameza maneno yale. Jana tu, kwenye masomo ya jioni, yeye ndiye aliyenyoosha mkono na kusema kwamba mtoto hanyang'anywi kitu alichokwisha kukipata kwa tabia njema, na mkufunzi akamsifu. Lakini kuzirudisha mbele ya watoto aliona haya. Akaendelea kusoma.

Wakati wa mapumziko aliwasikia uwanjani.

"Mla pankeki zetu huyo!"

"Usiguse mpira wetu, utatupokonya na huu!"

Kengele ilipolia, wote waliingia isipokuwa Aili. Loretta alimkuta kwenye korido, chini ya makoti yaliyotundikwa, ameketi katikati ya mabuti, koti lake limefungwa hadi kidevuni.

"Twende darasani, mama."

"Sitaki. Hawanitaki."

Loretta alipiga magoti kwenye maji ya theluji iliyoyeyuka. Bwana, aliomba kimoyomoyo, nimemfanya nini mtoto wako?

"Niambie, kwa nini unaimba nikisoma?"

"Nisipoimba nasikia kila kitu. Brooks anakwaruza kiti, bomba la joto linagonga. Nikiimba nakusikia wewe tu."

Loretta aliinuka. Alirudi darasani akauacha mlango wazi, akazitoa gololi zote kwenye droo na kuzirudisha mtungini.

"Sikilizeni. Nimekosa. Gololi hizi mlizipata nyinyi, na Aili pia. Mimi nilikasirika nikawanyang'anya, halafu nikamtwika Aili kosa langu. Nisameheni."

Kisha Brooks akauliza, "Kwa hiyo ni wewe uliyekula pankeki?"

"Ni mimi."

"Basi ukae kwenye kiti cha kutulia!"

Walicheka, naye akaenda kweli akakaa kwenye kile kiti kidogo cha pembeni wanachokalishwa watoto watukutu, magoti yakimfika kifuani. Brooks alitoka hadi kwenye korido. "Aili, njoo umwone Bi Haugen! Ameadhibiwa!"

Aili aliingia na koti lake mwilini. Hakucheka. Alikwenda kwenye kiti chake, akakunja mikono juu ya meza.

Loretta aliendelea na hadithi akiwa palepale alipoketi. Alisoma polepole, akitua kila baada ya sentensi, akisubiri ule wimbo. Haukuja. Kiti cha Brooks kilikwaruza sakafu, bomba likagonga, na Aili akabana midomo huku macho yake yakihangaika kutoka sauti moja hadi nyingine.

Bi Sundquist alirudi kutoka ofisini. Alisimama mlangoni akitazama, kisha akamwinamia Loretta na kunong'ona, "Hata Aili ametulia! Umefanyaje, mwenzangu? Hongera sana."

Loretta alifunga kitabu.

"Usinipongeze," alisema. "Nimemnyamazisha. Keti nikueleze nilivyofanya."