Soketi ya Matundu Thelathini na Manne

"Usikate hapo!" nilipiga kelele, na koleo la Bi Vipuri likasimama, limeshauma waya wa kwanza.

Miaka imekwenda, lakini sauti yangu ile bado naisikia, maana mpaka siku hiyo nilikuwa mpokea simu tu katika gereji ya baba. Mteja wetu, dereva wa mashindano, alikuwa amenunua kompyuta ya injini ya kubandika, isiyokuja na gari, kali kuliko ile ya kiwandani. Aliyemuuzia alimpa bila soketi yake. Pini thelathini na nne zilisimama wazi kama meno ya chanuo, na hakuna waya uliokuwa na pa kushika.

Kaka yangu alizunguka madukani siku tatu, kila mlango akitaja jina la gari. Akarudi mikono mitupu, akasema bora tuchomelee waya kwenye pini zenyewe. Baba akawasha chuma cha kuchomelea.

"Ukichomelea umeiua," nikamwambia. "Niache nikaitafute mimi."

Baba alinitazama juu ya miwani. "Kesho saa sita mchana, mama. Ukikosa, urudi kwenye simu yako, na kazi yangu usiniingilie tena."

Yaliniuma, sitaficha. Lakini nilijua kaka alikosea wapi. Kompyuta ile haikutengenezwa kwa ajili ya gari lile, kwa hiyo soketi yake ingeweza kuwa kwenye chombo chochote. Asubuhi niliitia kompyuta mfukoni nikaenda kwa Bi Vipuri, mwenye uwanja wa magari mabovu.

"Gari gani, mwanangu?"

"Sina gari. Nina mdomo huu," nikamwonyesha zile pini, "natafuta cha kuufunga."

"Basi anza na wa mume wangu."

Nilipima magari kumi na tisa. Yapata saa tano nikafika kwenye pikipiki kubwa iliyopinda uma wa mbele, ambayo mafundi wa magari waliipita kila siku bila kuitupia jicho. Nikachomeka soketi yake. Ta! Ikajifunga. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Hapo ndipo Bi Vipuri alipokuja na koleo, akalielekeza shingoni kabisa mwa soketi.

"Nikate wapi, basi?"

"Huku nyuma. Niachie mkia wa shibiri nzima. Bila mkia nitaunganisha nini?"

"Una ukali wa baba yako," alisema, akakata nilipomwonyesha.

Kabla ya saa sita nilikuwa gereji, nikaunga waya mmoja mmoja mpaka alasiri. Baba alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, hakugusa kitu. Injini iliwaka mara ya kwanza. Kaka akapiga mluzi. Baba akaenda zake mlangoni.

Nilikuwa bombani, sabuni hadi viwikoni, mgeni mmoja alipoingia.

"Fundi umeme yupo?" akamuuliza baba, ambaye kwa miaka ishirini fundi umeme alikuwa yeye.

"Yupo. Msubiri kidogo, ananawa mikono."

Simu ikalia ofisini. Baba akaenda kuipokea.