Mkono Usio na Glavu

Katika hospitali hii hakuna mwenye ukoo uliochunguzwa kama wangu. Umesomwa herufi kwa herufi, milioni tano na ushei, na mashine ya maabara isiyojua kupiga miayo. Haya, nakiri, si ukoo wangu. Ni ukoo wa bakteria wanaoishi utumboni mwangu, wale wasiosikia dawa. Lakini wanakula ninachokula. Nani atasema si watu wa nyumbani?

Mimi ni Gwirye, wa hapahapa mjini Suncheon, miaka sabini na saba. Nilikuja kutolewa mawe ya nyongo. Pamba ya kipimo waliyonipitisha nyuma ikawaonyesha hao wapangaji, nikafungiwa chumba cha peke yangu. Anayeingia lazima avae joho la njano, barakoa na glavu. Wote wanafanana, hata mwizi akivaa vile atapewa salamu. Sasa ni wiki ya tano. Chakula kinakuja, sindano zinakuja, wanangu wananionyesha wajukuu kwenye simu. Ngozi ya mtu, hapana.

Isipokuwa mara moja.

Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa, homa imenipanda, sijui mbele wala nyuma. Mtu akaniinua kidevu akaninywesha supu ya mwani. Kwetu usipoinywa siku hiyo ni kama hukuzaliwa. Alionja, akanipa, akaonja tena, kijiko kilekile, kama mama alivyotulisha. Na ilikolezwa kwa mchuzi wa soya wa mtungi wa mama, ule mweusi ulionizidi umri, unaoongezwa mpya juu ya wa zamani kila mwaka ili usikatike. Mkono ule haukuwa na glavu. Ulikuwa na sugu kwenye kidole gumba.

Nilipopata nafuu niliuliza. Muuguzi Sohyang akafungua daftari la wageni. "Hakuna aliyekuja, bibi. Umeota."

Basi nikasema ni mama, aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita. Kila mchana uji ulipoletwa nilifumba macho na kuinua kidevu, huenda mkono ule ukarudi. Nikiguswa na mpira wa glavu, nilikishusha, nikala kwa adabu.

Singeweza kumdhania mwingine, maana mtungi wenyewe anao dada yangu Boksil. Siku ya kugawana vyombo vya marehemu aliupakia kwenye gari la mwanawe kabla sijamaliza kulia. Nikamwita mwizi mbele ya wakwe zake. Akaapa hatakanyaga nilipo, hata nikiwa ndani ya jeneza. Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia watu nina hamu ya ule mchuzi. Mchuzi gani! Niliyekuwa na hamu naye ni mwenye mtungi.

Juzi Sohyang alikuja na karatasi, akavuta kiti.

"Bibi, ghorofa ya tatu kaletwa mgonjwa wa goti. Tumempima, naye ana bakteria sugu. Maabara imesoma vinasaba vyao, ikawalinganisha na wa wagonjwa wetu wote. Wake na wako wanatofautiana herufi mbili tu."

"Mbili katika milioni tano?"

"Mbili. Maana yake bakteria hao wametengana juzijuzi. Na yeye hajawahi kulazwa hapa. Lazima nijue walipitia wapi, wasije wakawafikia wengine. Anaitwa Boksil. Unamfahamu?"

Moyo ulinipiga mpaka mashine ya kando ya kitanda ikaanza kulia.

"Kidogo," nikasema. "Tumenyonya ziwa moja."

"Wenye bakteria wa ukoo mmoja tunaweza kuwalaza chumba kimoja. Una neno?"

"Mimi? Muulize yeye, ndiye mwenye makuu."

Kesho yake Boksil akasukumwa ndani na kitanda chake, nywele kazipaka rangi nyeusi tii, uso kaugeuzia ukutani.

"Umezeeka," akauambia ukuta.

"Na wewe umejipaka masizi."

Sohyang akaingilia kati. "Bibi Boksil, sikulaumu, nataka kujua tu. Mwezi uliopita uliingia chumba hiki?"

"Mimi? Nije kwa huyu? Niliapa! Hata mlango wake siujui. Labda hao wadudu wenu walipanda lifti."

"Herufi mbili tu, bibi."

"Mashine nayo hukosea. Ilitengenezwa na watu."

Mkono wake ulikuwa juu ya shuka. Nikakiangalia kidole gumba. Sugu ile pale. Mtu mwema angeishia hapo. Mimi sikulelewa vizuri kiasi hicho.

"Mwache, mwanangu," nikamwambia Sohyang. "Dada yangu hasemi uongo. Aliyekuja ni mama, nilimwona. Ila huko aliko amesahau kupika. Supu ilikuwa chumvi tupu, nikaitema yote kwenye mto."

Boksil akageuka na goti lake bovu, kitanda kikalia.

"Uliitema? Bakuli mbili ulimaliza, we mlafi, ukalamba na kijiko! Mdomo huo nilikufuta kwa mkono wangu huu, nikavua na gla..."

Mkono akauficha chini ya shuka.

Sohyang akatoa kalamu. Mimi nikafumba macho, nikainua kidevu.