Aliyeiona Ndiye Aliyeiba

Wateja walimwita Mkono Mwepesi, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa msusi kwenye saluni ya wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Wasusi wengine huvuta nywele mpaka nyusi za mtu zikahamia kwenye paji la uso; yeye alisuka mteja akisinzia, mate yakimtoka. Picha iliyobandikwa mlangoni ilikuwa ya wifi, lakini mabibi harusi walikuja kumfuata yeye.

Wifi hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Baba yao alipofariki ndiye aliyemsaidia mama yao kumlea mdogo wake, akamsomesha ufundi wa friji mpaka naye akawa mtu mbele ya watu. Ila ulimi wake ulikuwa na mbio kuliko akili. Na ile simu yake mpya aliipenda kama mboni ya jicho. Aliipangusa kwa kitambaa laini, na hata alipokuwa anamwosha mtu kichwa, jicho moja lilibaki kwenye simu.

Siku simu hiyo ilipopotea, saluni ilikuwa imefurika. Bibi harusi alikuwa anasukwa na Mkono Mwepesi, binamu yake mmoja yuko chini ya mashine ya kukausha nywele, mashangazi na mabinamu wengine wamebanana kwenye kochi kuukuu lililochanika pembeni, wote wakisema kwa pamoja. Wifi alitaka kumpiga picha bibi harusi akiwa bado anasukwa. Akapapasa mfuko wa eproni. Akapapasa kaunta. Akanyanyua mataulo moja moja.

"Nani kaiona simu yangu?"

Shangazi mmoja akaipiga. Upande wake iliita vizuri tu, lakini mle ndani haikusikika, maana wifi mwenyewe alikuwa ameizima sauti, na mashine nayo inanguruma. Alipojaribu tena baadaye, haikupatikana.

Sasa, ndugu wa bibi harusi hawapekuliwi. Leo ukimpekua mmoja, kesho ukoo mzima unahamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Jicho la wifi lilizunguka chumba, likaruka vichwa vyote, likaenda kutua palipo rahisi.

"Wewe ndiye uliyepita hapa kaunta muda si mrefu."

"Nilifuata kitana, wifi. Simu sikuiona."

"Lete mkoba wako."

Alidhani ni utani. Aliendelea kusuka mpaka wifi alipouchukua mkoba mwenyewe kutoka kwenye msumari na kuumwaga juu ya meza, mbele za watu. Vikatoka kipande cha mkate kwenye karatasi, pakiti ya pedi, dawa ya tumbo, na chupi ya akiba iliyokunjwa vizuri. Simu ya wifi haikuwamo. Mkono Mwepesi aliikimbilia ile chupi kwanza, na haraka yake ikawachekesha.

"Kumbe ule wepesi wa mkono si wa kusuka peke yake!" akasema shangazi mmoja. Kochi zima likaangua kicheko.

Hivyo ndivyo jina la sifa lilivyogeuka tusi, kwa sentensi moja tu, wala aliyeisema hakukaa kuifikiria.

Wifi akamwita mdogo wake. Fundi friji alifika anahema, bisibisi ikiwa bado mfukoni, na mkewe alipomwona moyo ukamtulia. Mtu wangu kafika, akajiambia. Mume akamshika mkono wakatoka nje, wakasimama karibu na tangi la maji.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ya chini, "kama shetani alikupitia, niambie mimi. Nitamwomba dada yaishe kimyakimya."

"Unaniuliza mimi?"

"Sijasema umeiba. Nimesema kama."

Mkono Mwepesi alimtazama usoni akitafuta mzaha. Hakuuona. Alimezea hapohapo, akarudi ndani, akamaliza kichwa cha bibi harusi, kwa sababu kichwa cha mtu hakiachwi nusu. Kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kusuka. Hakuna aliyemshukuru.

Jioni ile nyumbani alikwenda kuoga. Aliporudi alikuta godoro limesimamishwa ukutani na mumewe ameinamia ndoo ya unga, mkono umezama mpaka kiwiko.

"Unatafuta nini?"

"Bisibisi yangu."

"Kwenye unga?"

 Mume akautoa mkono, mweupe kama wa maiti, akaenda kunawa.

Tangu hapo hakukanyaga saluni. Wateja wakiuliza, wifi alisema, "Anapumzika," kisha anakaa kimya kwa namna ambayo ilisema yaliyobaki. Lakini vifaa vyake vya kazi vilikuwa kule, na msusi bila vifaa ni sawa na fundi mshoni bila sindano. Akangoja wiki iishe, akaenda asubuhi, saluni ikiwa bado haijapata mteja. Wifi alimfungulia bila salamu, akaingia chumba cha nyuma kuchemsha maji.

Mkono Mwepesi akaketi kwenye kochi, akaanza kupanga vitana, mikasi na sindano zake za kusukia kwenye mfuko. Sindano moja ikateleza, ikaingia pale pembeni palipochanika. Akaifuata kwa vidole. Akagusa mabonge ya nywele za watu, kijiti cha pipi, kifungo. Halafu akagusa kitu bapa, cha baridi.

Akaijua kabla hajaiona.

Furaha ilimpanda mpaka kooni, akataka kupiga yowe. Kisha yowe likamfia mdomoni. Alikuwa peke yake chumbani. Mlango wa nyuma ulikuwa umeegeshwa. Nani angeamini? Mkono ulewule uliosemwa umeiba, ndio huu sasa umeishika simu.

Angeweza kuiacha ilipo. Aondoke na mfuko wake, siku moja mteja aikalie, aitoe mwingine. Au amsubiri mteja wa kwanza, amwambie, "Hebu nisaidie kutafuta sindano yangu humo." Aliyapima yote haya, mkono ukiwa bado ndani ya kochi, na kadiri alivyoyapima ndivyo alivyoona aibu. Haya ni mawazo ya mwizi, akajisemea. Mimi nimeiba nini hata nipange kama wezi?

"Wifi!" akaita. "Wifi, njoo uone!"

Wifi akaja na birika mkononi. Akaiona simu, imezimika kwa kukosa chaji, kioo kizima, nywele zimeigandama. Akaweka birika chini, akaipokea, akaipangusa kwa eproni kama anayempangusa mtoto makamasi.

"Ilikuwa humu. Ilitumbukia. Angalia vumbi lilivyoishika."

Wifi aliangalia vumbi. Akaliangalia kochi. Akamwangalia yeye, na uso wake ukalainika, jambo ambalo Mkono Mwepesi hakulitarajia.

"Nilijua tu utairudisha," akasema. "Nilimwambia mume wako, yule roho yake si mbaya, itamsuta tu."

"Nimekwambia ilikuwa humu!"

"Sawa, mdogo wangu. Ilikuwa humo. Yameisha."

"Hayajaisha! Imetumbukia humu siku ileile, wale mashangazi wakaikalia!"

"Usipige kelele. Nimesema yameisha. Jumatatu rudi kazini. Mkoba tu uwe unauacha hapa kaunta, ili sote tuwe na amani."

Mkono Mwepesi akachukua mfuko wake akatoka. Hata ile sindano aliiacha ndani ya kochi.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Mume alikuwa amekaa kibarazani, anamngoja, na alipomwona akainuka akamkumbatia, kitu ambacho hakukifanya tangu siku ya tangi la maji.

"Umefanya jambo kubwa," akamwambia. "Si kila mtu ana moyo wa kurudisha. Mimi nimekusamehe, na dada amekusamehe."

Maneno yakamjaa kifuani, lakini lililotoka likawa moja. "Sikuiba."

"Basi, mama. Basi."

Lile basi lilikuwa la kumbembelezea mtoto aliyeota vibaya. Mama mkwe naye alikuja, akamshika magoti, akamwambia kwamba binadamu hakosi kukosea na Mungu hupokea toba. "Mama, sikuiba," akasema. "Najua, mwanangu, najua," mama mkwe akajibu, huku akiusogeza mkoba wake mdogo upande wa pili wa kiti, wala pengine mwenyewe hakujua kwamba ameusogeza.

Ungekuwa ugomvi, angepigana nao. Msamaha ule hakuwa na pa kuushikia. Aliyekasirikiwa huweza kusafishwa siku moja. Aliyesamehewa kesi yake imekwisha kuamuliwa.

Kisha siku moja mume akarudi na kisanduku kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Ndani mlikuwa na simu, ya aina ileile ya wifi.

"Ungeniambia tu kwamba unatamani nzuri," akasema, akitabasamu kwa upole wa kweli.

Mkono Mwepesi aliirudisha kwenye kisanduku, akakipandisha juu ya kabati. Mume akakasirika, akasema wanawake hawana shukrani. Alimwacha aseme. Tangu usiku ule alilala ameelekea ukutani, na mume alikuja kuzoea, kama mtu anavyozoea mlango unaokwaruza.

Saluni hakurudi. Alitandika mkeka kibarazani kwake akaanza kusuka hapo, na wateja walimfuata, maana mkono ule haukuwa na mwenziwe mtaa mzima. Walikuja, walisinzia, walisifu. Simu zao walizishika mkononi, au walizisukuma ndani kabisa ya sidiria. Yeye alijifanya haoni. Lakini kila alipofunga msuko wa mwisho na mteja akainuka kujikung'uta, alimwahi kabla hajajipapasa.

"Angalia simu yako kwanza," alikuwa akisema. "Angalia mbele yangu."