Pembe Zote Tatu

Fundi wa kuchomelea alikuwa na miaka arobaini na miwili alipojiandikisha kurudia mtihani wa sekondari. Mkewe, mwalimu wa hisabati, alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa figo, lakini alimfundisha kila alipokuja kumwona.

Siku hiyo alimchorea pembetatu tatu nyuma ya karatasi ya dawa. "Baba watoto, ipi ni pembetatu ya pembe kali?"

Fundi akagusa iliyochongoka kuliko zote. "Hii. Ncha yake inachoma."

"Chuma unakikata, kitabu kinakukata wewe!" Mkewe alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo ina pembe butu. Kila pembetatu ina angalau pembe kali mbili. Hapa lazima zote tatu ziwe chini ya digrii tisini."

Fundi aliinamia karatasi, akapima kona moja moja kwa jicho. "Basi ni hii ya mwisho!"

Alipoinua macho, mkewe alikuwa amezimia. Muuguzi alikuja mbio, akamtoa fundi nje, na baadaye akamletea habari.

Fundi alimzika mkewe Jumapili. Jumatatu, siku ya mtihani, dada yake alimsihi aamke aende.

"Nikifaulu nitamwambia nani?" akamjibu, akageukia ukutani.