Yanatupwa au Yanaachwa

"Nyuma yanatupwa!" alifoka mwalimu wa fizikia, chaki ikamvunjikia mkononi. "Mwezi unavuta maji ya bahari ya upande wake, dunia inazunguka na kuyatupa ya upande wa pili. Ndiyo maana yanajaa pande zote mbili. Nimesema!"

Na akishasema, basi. Walimu wenzake walimbandika jina hilohilo, Nimesema, kwa kuwa hoja zake zote ziliishia hapo. Kichwa kigumu kama kizingiti, na mwenyewe alijivunia, maskini.

Lakini asubuhi ile ya mtihani wa mwisho wa fizikia, mwalimu mpya wa hisabati alikuwa naye ofisini, na mama huyo hakujua kuogopa.

"Samahani kaka. Hayatupwi. Yanaachwa."

"Yanaachwa na nani, mume?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mama akangoja wamalize upuuzi wao, kisha akachora watu watatu ubaoni, wanakimbia.

"Wa mbele ana mbio, wa kati kiasi, wa nyuma mzito. Wa kati akitazama, wote wawili wanakwenda mbali naye. Sasa, mwezi unayavuta kwa nguvu maji ya karibu, dunia kiasi, na maji ya mbali unayavuta kidogo tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoyainua huku na huku. Hiyo ni ya Newton. Einstein akaongeza: ukianguka pamoja na vitu vyako vyote, mvutano wenyewe hutauhisi hata kidogo. Inayobaki ni tofauti ile tu, hiyo huwezi kuikwepa. Kwake yeye, hapo ndipo unapoona kwamba anga na wakati vimepinda."

"Einstein hasahihishi mitihani."

"Wanaosahihisha wanalijua hili. Wanafunzi wako bado wako nje, kaka. Kawaambie."

Mjinga hakuwa, na hilo ndilo linalotia kichefuchefu. Alielewa palepale. Alijua amefundisha uongo tangu binti yake hajazaliwa, na binti huyohuyo leo alikuwa anaingia kwenye mtihani. Bila fizikia, uhandisi angeusikia kwa wenzake tu, na tangu utotoni hakutaka kingine.

Akatoka. Mama wa hisabati akamfuata.

Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni mlangoni. Binti yake akachomoka mbio.

"Baba, jana nilichora lile la mwezi, naona halikai sawa. Maji ya nyuma, kweli yanatupwa?"

Mtoto alishalikaribia jibu peke yake. Neno moja tu lingemtosha. Nimesema akageuka, akamwona yule mama amesimama, mikono kifuani, anasikiliza. Afadhali mtoto azame kuliko yeye kulowa mbele ya mwanamke aliyeajiriwa juzi! Ndivyo alivyowaza, mzazi mzima na mvi zake. Loo!

"Yanatupwa," akasema. "Acha kujichanganya."

"Afadhali! Nilishaanza kubabaika. Asante, baba."

Akaingia anatabasamu. Mama wa hisabati akaita, "Wee binti, hebu ngoja!" lakini msimamizi alikuwa ameshafunga mlango. Mama akamtazama mwenzake kuanzia kichwani hadi viatuni, akasonya, akaenda zake.

Yeye akabaki barazani, anachungulia dirishani. Binti yake alikuwa ameinama juu ya karatasi, kalamu inakwenda bila kusita.