Ini la Mjomba

Hapa kwetu mtu anaruhusiwa kukataa nyama kwa sababu tatu tu: daktari amemkataza, kanisa limemkataza, au mababu wamemkataza. Akisema kwamba amejikataza mwenyewe, watu wanaanza kutafuta ugonjwa wake. Nimeishi na jambo hilo miaka tisa, na limenichosha kuliko njaa.

Mimi ni Manassé, wa Mususa, hapa Butembo. Nilichinja mbuzi sokoni kwa miaka ishirini na sita. Kusoma nilijifunza nikiwa mtu mzima, katika masomo ya jioni ya parokia, mikono ikinuka damu hata baada ya sabuni, na cheti changu kiko ukutani hadi leo. Nataja hayo ili mtu asidhani kwamba naiogopa nyama, au siijui, au nimedanganywa na kitabu.

Niliiacha asubuhi moja ya soko. Watu walikuwa wanakimbia vijiji vya upande wa Beni, na karibu kila aliyefika Butembo alikuwa anavuta mbuzi kwa kamba, amuuze apate pa kulala. Mwenzangu aliniuliza habari za asubuhi. Nikajibu kwa furaha, "Leo ni siku njema, nyama itakuwa rahisi." Halafu nikajisikia. Niliona kwamba kwa miaka mingi, kila niliposikia habari ya vita, niliwaza mbuzi. Sikuchinja tena, na nyama haikupita tena midomoni mwangu. Hiyo ndiyo sababu yote.

Dada yangu Germaine nilimweleza. Akaweka sahani yake chini.

"Donc sisi benye tunakulaka, tunakulaka damu ya bakimbizi?"

"Sikusema vile."

"Umesema, kaka. Umesema bila kusema."

Tangu siku hiyo nikawa nakataa bila maelezo, na kila mtu akajitafutia maelezo yake. Majirani walisema nimeingia kwa Waadventista. Mdogo wangu Xavier alitangaza kwamba nimeishiwa na meno. Meno yangu yote yapo, isipokuwa mawili.

Ningeweza kuendelea hivyo hadi kaburini kama si Florentine, binti wa Germaine. Baba yake alifariki angali mdogo, na herufi za kwanza alizijua mezani kwangu. Sasa ana miaka ishirini na tisa, na alikuwa amemngoja mchumba wake Gracien miaka mitatu hadi ukoo wa kijana ukusanye mbuzi wa mahari. Katika ukoo wetu, mbuzi mmoja wa mahari ni wa mjomba. Anachinjwa siku ileile, ini lake linachomwa, na mjomba analionja mbele ya wote. Asipolionja, amemkataa mkwe. Hakuna anayekula, na wageni wanarudi na mifugo yao.

Mambo yaliharibika kabla ya siku hiyo, tulipokwenda Beni kuwasalimia wazazi wa Gracien. Baba yake, Zorobabel, ni mtu wa Mangina, kule Mabalako. Alitupokea vizuri. Chakula kikiwa bado jikoni, alitusimulia jinsi alivyokimbia kwao na jamaa yake, wakafika hadi Butembo, na jinsi alivyouza mbuzi wake wote kwa siku moja.

"Ule muchinjaji hakuniangalia hata mu macho," alisema. "Alikuwa anaangalia mbuzi tu."

Kisha wakaleta bugali, maharagi, na mbuzi katika mafuta ya mawese. Nilichukua maharagi. Zorobabel alinisogezea bakuli la nyama. Nikashukuru, nikachukua maharagi tena. Aliniangalia, kisha akalirudisha bakuli upande wake.

Baada ya wiki moja habari ikatufikia: mjomba amedharau chungu cha watu wa Mangina kwa sababu Ebola ilianzia kwao. Germaine alikuja kwangu bila kubisha mlango.

"Sema ni docteur. Neno moja tu!"

"Sina ugonjwa, Germaine."

"Utapata ugonjwa. Mimi njo nitakupatia."

"Nitamweleza ukweli."

"Ukweli gani? Mutu anakuambia aliuzisha mbuzi zake akilia, na wewe unamujibu juu ya ile mbuzi njo hukulaka? Atakuuliza kama ni wewe ulinunua. Utamujibu nini?"

Kweli, sijui kama ni mimi. Na mimi sikuwa nawaangalia wauzaji machoni.

Basi nikafikiri kulila hilo ini. Nikamwomba Germaine anipikie moja kwangu, nijaribu mlango ukiwa umefungwa. Kipande kilifika kwenye meno, kikarudi. Nikajaribu na chumvi, na pilipili. Kikarudi. Germaine alikaa mbele yangu akinitazama kama mama anavyomtazama mtoto anayekataa dawa, kisha akalila yeye, akaondoka na sahani yake.

Nikabaki na njia ya mtu aliyesoma. Niliandika hotuba. Niliiandika mara nne, kurasa mbili, nikieleza kwamba heshima ya mtu kwa mkwe wake haipimwi kwa anachotafuna. Nilikuwa na hakika nayo. Hata sasa naona ilikuwa hotuba nzuri.

Siku ikafika. Watu wa Beni walishuka kwenye gari na mbuzi wao, tukawaketisha uani chini ya turubai, maana Butembo ilikuwa na mvua yake ya baridi. Mbuzi wa mjomba akachinjwa. Sahani ikaja na ini, moshi ukitoka. Nikasimama, nikavaa miwani, nikasoma. Watu walisikiliza kama wanavyosikiliza mahubiri wakiwa na njaa. Nilipomaliza, Xavier peke yake alipiga makofi, akaacha katikati.

Zorobabel akasimama polepole.

"Mujomba, maneno yako ni mazuri, ni ya mutu wa kusoma. Mais mimi naangalia sahani. Sahani iko vile vile."

"Baba Gracien, mimi ninamukubali mutoto wako kwa moyo wote."

"Basi kula."

"Siwezi."

"Mwaka ya Ebola," alisema, na sauti yake ikawa ndogo, "bantu ya hapa Butembo balikuwa banatuuzia chumvi kwa dirisha. 'Weka makuta pale chini, rudi nyuma.' Nilizika mutoto wa ndugu yangu bila kumushika. Nilisema, ile imepita. Leo nakuletea mbuzi, na wewe unaogopa mukono yangu."

"Haiko hiyo! Naapa haiko hiyo!"

"Sasa ni nini?"

Kila mtu alingoja. Nilikuwa na ukweli wangu mdomoni, kama kile kipande cha ini, na wenyewe ukarudi. Zorobabel akawageukia vijana wake.

"Mupakie mbuzi mu gari."

Gracien hakuinuka. Alikuwa ameshika kichwa. Lakini wengine waliinuka, na mbuzi mmoja alikuwa ameshafunguliwa kamba, mlango wa nyumba ulipofunguka. Bibi harusi hatoki kabla ya kuitwa. Florentine alitoka, nywele zimesukwa nusu, bila viatu, akaja hadi katikati ya uwanja.

"Docteur njo alimukatazaka nyama," alisema. "Iko na goutte, ile ugonjwa ya viungo. Sasa ni miaka tisa. Anaona haya kusema, juu ni mutu wa kiburi, anataka bamuone muzima siku zote."

Akanigeukia.

"Hapana vile, mujomba?"

Alipokuwa na miaka minane, aliniambia kwamba daftari lake limeharibiwa na mvua. Haikuwa imenyesha. Nilimwadhibu kwa ajili ya mvua, si kwa ajili ya daftari, nikamweleza tofauti yake, na tangu siku hiyo sikumjua kwa uongo. Sasa alinitazama kwa macho yaleyale ya mezani kwangu, lakini safari hii yeye ndiye aliyekuwa anangoja jibu sahihi. Niliikunja hotuba yangu.

"Ndiyo," nikasema. "Ni goutte."

Zorobabel alifungua mikono.

"Goutte! Ee tata, si ungesema! Mimi pia iko nayo! Kidole kikubwa ya muguu, hapana?"

"Kidole kikubwa."

"Na usiku inachoma kama moto!"

"Kama moto," nikasema.

Alinikumbatia mbele ya watu wote, machozi yanamtoka, akawapigia vijana kelele wamfunge mbuzi. Wazee wakashauriana kidogo, wakakubaliana kwamba mgonjwa anaweza kuazima kinywa. Xavier alileta chake mbio. Alionja ini kwa niaba yangu, akalionja tena, hadi sahani ikawa nyeupe. Germaine alipiga kigelegele. Watu wakala. Ukweli wangu wa miaka tisa haukunipatia amani hata ya siku moja, na uongo wa dakika moja uliketisha koo mbili kwenye mkeka mmoja. Nilikaa na maharagi yangu nikiwa na hasira ambayo sikuwa na mtu wa kumpa.

Florentine alinifuata jioni kabla ya kuondoka.

"Umenikasirikia, mujomba?"

"Ndiyo."

"Ungetaka nibakie mu chumba, mbuzi zirudi?"

"Hapana."

"Basi," akasema, akanipigia magoti kama desturi, akaenda kwa mumewe.

Wanaishi vizuri, na Zorobabel amekuwa rafiki yangu, jambo ambalo linazidi kunichosha. Kila akija Butembo ananiletea mizizi ya kuchemsha kutoka kwa mganga wa Mutwanga, na mimi nainywa, ni michungu sana. Yeye bado anakula nyama kwa siri, kisha anateseka siku tatu. Ananisifu. "Wewe iko na nguvu ya roho," ananiambia. "Miaka tisa! Unafanyaka namna gani?" Majirani wameacha habari ya Waadventista. Wananiuliza hali kwa upole, na vijana wananishika mkono kwenye mteremko.

Juzi alikuja tena. Tulikuwa wawili tu, sahani ya maharagi katikati yetu. Niliona kwamba sasa ningeweza kumwambia. Angenisamehe, au asingenisamehe, lakini Florentine ana mimba ya miezi mitano, na mbuzi wale wameshagawanywa. Nikaweka kijiko chini.

"Baba Gracien," nikaanza.

"Ngoja," alisema, akiinama kufungua kifuko chake. "Nimekuletea mafuta ya kupakaa. Siku ile ulisema ni muguu gani?"

Nilijaribu kukumbuka.

"Wa kushoto," nikasema, nikavua soksi, nikaunyosha mbele yake.